Ustadi wa Kiitikio

Katika sanaa zote zinazofanywa Nairobi kwa ujira mdogo na lawama nyingi, sioni iliyo ngumu kuliko utunzi wa kiitikio, yaani ile sehemu fupi ya wimbo ambayo hadhira huendelea kuirudia hata baada ya beti zote kusahauliwa. Walakini sanaa hii haikupewa taadhima inayoistahiki, kwa sababu kiitikio kikifaulu husikika kana kwamba hakikutungwa na mtu yeyote, na kila aliyekisikia hudhani kuwa naye, lau angalipata nafasi ya alasiri moja, angalikitunga.

Huku kwetu Kabiria, upande wa Dagoretti, ushahidi wa ugumu huo hupita barabarani kutwa. Matatu ziendazo Satellite na kisha mjini hupiga muziki kwa kishindo cha kutikisa vioo, na makanga, ambaye kwa maoni yangu ni mhakiki mkali kuliko wengi waandikao magazetini, huukata wimbo katikati ya ubeti wa pili akiona abiria wametulia kama waliofiwa. Nyimbo nyingi hufa hivyo, baina ya steji na steji. Chache husalimika, na kwa nadra mmoja hutoka garini, ukaingia kwa vinyozi, harusini na viwanjani, hata ukafika mahali ambapo mtunzi wake hakupata kupawazia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Anguka Nayo, wimbo wa kundi la Wadagliz, katika mwaka wa 2024. Ulijulikana kwanza kwa dansi, vijana wakijirekodi na kujitia katika TikTok huku wakiiteremsha miili yao kila kiitikio kilipowaamuru. Kisha mwezi wa Juni, maelfu ya vijana walipomiminika katikati ya jiji kuupinga Mswada wa Fedha, wimbo uleule, ambao haukutungwa kwa ajili ya kodi wala Bunge, ukasikika katika vinywa vya waandamanaji kana kwamba ulikuwa umewekwa akiba kwa saa ile. Tarehe 25 Juni damu ilimwagika na Bunge likavamiwa, na siku ya pili Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada. Mimi siandiki haya ili kuigeuza siku ya msiba kuwa tamasha. Nauliza tu swali la fundi: ni kitu gani kilichomo katika wimbo wa kuchezea hata watu wenye hasira na hofu wakauona unawafaa, hali nyimbo zilizotungwa makusudi kwa ajili ya siasa, zenye hoja timamu na maneno ya haki na uhuru, zilikuwa zimelala?

Naona jawabu ni kwamba mtunzi aliacha nafasi. Fundi wa nyumba za Pwani hujenga baraza ya mawe nje ya mlango, asijue ni nani atakayeikalia, na ustadi wake ni kuipa kimo na upana ambao mzee, mtoto na mpita njia wote watauona kuwa ulipimwa kwa ajili yao. Kiitikio chema kina baraza ya namna hiyo. Hakimwambii msikilizaji ahisi nini. Humpa kitu cha kufanya, kama kujibu, kupiga kofi, au kuanguka, na maana huileta yeye mwenyewe.

Jambo hili halikuanza na simu za mkononi. Mwaka wa 1982 bendi ya Them Mushrooms, ya ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka Pwani, ilitoa Jambo Bwana, utungo wa Teddy Kalanda Harrison, katika siku ambazo bendi ilikuwa ikiwatumbuiza watalii katika mahoteli ya Mombasa. Fikiri mashaka ya mtunzi yule: mbele yake hadhira ya wageni wasiojua lugha yake, ambao kesho watapanda ndege waondoke, nao wataka kuimba usiku huuhuu. Akachagua maamkizi. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwa kuwa maamkizi hudai jibu kwa tabia yake, na mgeni akishajibu amekwisha kuimba bila ya kujua kuwa amefundishwa. Mwaka uliofuata Boney M, kundi lililovuma Ulaya nzima, wakaurekodi kwa namna yao. Wako wanaoudharau hata leo, wakisema Kiswahili chake ni cha hotelini na furaha yake ni ya kuuzia wageni. Hawakosi hoja, lakini nimewaona baadhi yao harusini, wimbo ukipigwa, wakisahau hoja zao zote.

Mtu atasema: basi siri ni wepesi. Sivyo, na mfano wa kinyume umetoka mbali. Aprili 2023 kundi la Kijapani liitwalo YOASOBI, ambalo hutunga nyimbo zake kutokana na hadithi, lilitoa Idol, wimbo wa ufunguzi wa katuni ya Oshi no Ko, yenye habari za binti mwimbaji anayeabudiwa na umma hali mapenzi anayowatangazia ni uongo aliojifunza kuusema. Ayase aliyeutunga hakumhurumia mtu: wimbo hukimbia, hubadili mahadhi ghafula, na Ikura aliyeuimba hupanda na kushuka mahali ambapo mwimbaji wa kawaida angeomba maji. Na bado ulikaa majuma 21 mfululizo juu ya orodha kuu ya Billboard ya Japani, na Juni 2023 ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya dunia ya Billboard isiyohesabu Marekani, daraja ambalo hakuna wimbo wa Kijapani uliokuwa umelifikia. Vijana wa Kabiria wanaofuata katuni hizo huuimba kwa silabi walizookota kwa masikio tu. Wanaposhindwa na mbio zake huingilia kwenye vile vishindo vya sauti za wapenzi, ambavyo mtunzi alivipachika ndani ya wimbo wenyewe, kelele zilezile za ukumbini ambazo mashabiki wa Japani huwapigia waimbaji wao. Hadhira, basi, ilikwisha kupangiwa pa kukaa kabla haijaalikwa.

Nao wapenzi wa kwanza wa kila wimbo wana kilio chao. "Hii ngoma tuliijua kitambo," huniambia, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa shamba. Nao husononeka wakiusikia katika tangazo la sabuni, au wakimwona mwanasiasa akiuchezea jukwaani kwa miguu isiyoufahamu. Siucheki wivu huo. Aliyeupenda wimbo ulipokuwa na wasikilizaji haba aliupenda bila ya kusukumwa na mtu, na mapenzi ya namna hiyo yana heshima yake. Ila alichopenda tangu mwanzo ni ile nafasi iliyoachwa wazi, wala haikuachwa kwa ajili yake peke yake.

Teddy Kalanda alifariki Septemba 2024, miezi michache tu baada ya Juni ile, na wengi walioijua salamu yake tangu utotoni walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza katika habari za kifo. Ndiyo bei ya kazi hii, na watunzi wachanga wanaijua. Nyuma ya plotini kwetu kuna chumba cha mabati ambacho vijana wamekigeuza studio, magodoro yametundikwa kutani ili kuzuia mwangwi, na usiku husikika mstari mmoja ukirudiwa, ukiondolewa silabi, ukirudiwa, ukirudishiwa silabi ileile, mpaka jirani anagonga ukuta kwa ghadhabu na kuwataja wazazi wao. Asubuhi jirani yuyo huyo huanika nguo akiuimba mstari ule, na silabi ile huiimba mahali palepale walipoirudishia.