Pongezi kwa Darasa la Kamera la Nairobi

Hongera One Fine Day Films, mradi wa mafunzo ya filamu ulioanzishwa na mwongozaji Tom Tykwer wa Ujerumani pamoja na Marie Steinmann. Uliwakusanya Nairobi vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika, ukawatia kazini: huyu kamera, yule sauti, mwingine mavazi, na fundi mzoefu pembeni.

Matunda tumeyaona: filamu ya Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga mwaka 2012, kisha Kati Kati ya 2016, iliyoongozwa na Mbithi Masya, mwanamuziki wa kundi la Just a Band. Aliyezoea midundo anajua pia pa kunyamaza.

Filamu ni jahazi. Haliendi kwa nahodha peke yake. Mradi huu umetupatia mabaharia.