Ngoma ya Upinzani: Tuhakiki Nini katika Muthirigu?

Mwalimu na mtahiniwa, tunapofundisha nyimbo za kisiasa katika fasihi simulizi hapa Meru na Embu, tumezoea kutaja dhima moja: kupinga ukoloni. Jibu hilo si kosa, ila halijakamilika.

Chukua Muthirigu, wimbo na ngoma iliyoenea Ugikuyuni mwaka 1929, wamisheni walipowataka waumini waahidi kuacha ukeketaji wa wasichana. Waimbaji waliwakejeli wamisheni na machifu waziwazi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Kwa nini iogope wimbo? Tazama sifa za utendaji: haukuwa na mtunzi mmoja wa kukamatwa, beti ziliongezwa papo kwa papo, na hadhira ndiyo iliyokuwa fanani. Hoja hizi ndizo za kumpa mtahini, kila moja na maelezo yake.

Hata hivyo, mhakiki haishii hapo. Uliza: nani anaimba, na ni mwili wa nani unaoimbiwa? Hapa Meru, mwaka 1956, Njuri Ncheke ilipopiga marufuku ukeketaji, wasichana wengi walikaidi wakakeketana wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani ‘nitajikeketa’. Ukinzani ulikuwa wa kweli. Madhara nayo yalikuwa ya kweli. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza tendo hilo.

Basi, usiusifu wimbo kwa kuwa tu ulimpinga mkoloni. Eleza nguvu za utendaji wake, kisha upime maudhui yake. Wasichana wamo madarasani mwetu. Nao ni hadhira ya uhakiki huu.