Mkono Mwepesi wa Grenache

Aliyezoea mvinyo mzito wa Cabernet akimiminiwa Grenache hudhani amepunjwa. Rangi yake ni nyekundu iliyopauka, glasi inapitisha mwanga. Anywe kwanza: atakuta stroberi zilizoiva, pilipili nyeupe, majani makavu ya porini, kisha kileo ambacho mara nyingi huvuka asilimia 14. Ganda la zabibu hii ni jembamba, ndiyo maana rangi ni haba. Nayo huchelewa kuiva, ikilimbikiza sukari juani, ndiyo maana kileo ni kingi.

Sukari hiyo ndiyo mtihani wa fundi. Mzabibu wa Grenache ukideka huzaa kwa pupa, na mvinyo wake hulewesha bila kupendeza. Kwa hiyo wakulima wa Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa Ufaransa, huuacha utaabike. Huupogoa uwe kichaka kifupi kisichotegemea waya, chenye shina la kuhimili Mistral, upepo mkali unaoshuka bonde la Rhône. Kanuni zao zinataka zabibu zichumwe kwa mkono, na hekta moja kwa kawaida isitoe zaidi ya lita 3,500. (Kijiji hicho kinapenda kanuni: mwaka 1954 meya alipiga marufuku visahani vya angani kutua humo.)

Wageni husifu mawe ya mviringo yaliyofunika mengi ya mashamba hayo. Mimi nasifu mchanga. Château Rayas, shamba la mvinyo la huko huko, imekaa juu ya mchanga, msitu ukiipoza pande zote, na mvinyo wake mwekundu maarufu ni Grenache tupu, ingawa sheria inaruhusu kuchanganya aina nyingine. Jacques Reynaud, aliyeiongoza hadi alipofariki mwaka 1997, aliulaza mvinyo katika mapipa makuukuu yasiyo tena na ladha ya mbao. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Pipa jipya la mwaloni huleta harufu ya vanila, na vanila ikiingia, Grenache hunyamaza. Kumiliki shamba linalosakwa na matajiri, kisha ukakataa kulipamba zao lake, ni ujasiri wa aina yake.

Si kote walikokuwa na subira na Grenache. Miaka ya 1980 serikali ya Australia Kusini iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu iliyoonekana haina soko, na Grenache nyingi kongwe zikaishia hapo. Iliyosalia katika bonde la Barossa, jimboni humo, mingine ikiwa imepandwa karne ya 19, leo inagombewa.

Asiye na fedha za Rayas aanzie Calatayud au Campo de Borja, katika Aragón ya Hispania, ambako zabibu hii huitwa Garnacha na mizabibu mikongwe bado hutoa chupa za bei ya kawaida. Alete na nyama ya kondoo ya kuchoma. Ila chupa ikae frijini nusu saa kwanza, maana katika joto la chumba kileo hupanda puani na stroberi hazisikiki tena.