Kuchokonoa Saketi: Kinanda cha Mtoto Kati ya Dallas, Houston na Uswahilini



Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na albamu za taarab. Safari hii tunaomba ruhusa tuhakiki kitu ambacho wengi wetu tungekitupa jalalani: kinanda cha plastiki cha mtoto, kilichofunguliwa mgongo, kikaongezewa nyaya na swichi, kisha kikapandishwa jukwaani kama ala ya muziki. Wamarekani wanaofanya hivi husema wanapinda saketi. Kwa kuwa hakuna kinachopindwa, sisi tutasema wanachokonoa, kwani kazi yenyewe ni kuchokoachokoa ndani ya kifaa mpaka kitoe sauti ambayo aliyekibuni hakuikusudia.

Tutasema mambo mawili. La kwanza, hii ni sanaa halali, na sisi tunaoishi Texas tuna sababu zetu za kuisikiliza. La pili, wengi wanaoifanya huishia nusu ya njia, na nusu iliyobaki ilikwisha kutembewa Dar es Salaam na vijana ambao hakuna aliyewaita wasanii wa majaribio.

Jina la ufundi huu lilitoka kwa Reed Ghazala wa Cincinnati, Ohio. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana, aliacha amplifaya ndogo ya betri, iliyokuwa wazi mgongoni, ndani ya mtoto wa meza. Saketi yake ikagusana na chuma, nayo ikaanza kulia kwa sauti ngeni. Mwingine angeitupa. Yeye alijiuliza: ikiwa ajali imetoa sauti hii, je, nikiitengeneza ajali kwa makusudi? Mwaka 1992 alianza kuandika juu ya ufundi huo katika jarida moja la Marekani la ala za majaribio, na mwaka 2005 akatoa kitabu kizima. Fundisho lake kuu ni kwamba mtu hahitaji kujua elektroniki. Ahitaji kifaa cha betri, kipande cha waya na sikio.

Hapo wahandisi hukunja uso. Sisi tuliokulia mahali ambapo kapasita moja ilitafutwa mji mzima, na redio ikikarabatiwa mara saba, hatufurahi kusikia ujinga ukisifiwa. Hata hivyo haki ni haki. Fundi redio wa mtaani naye alijifunza kwa kugusa na kusikiliza, na hakuna aliyemdai cheti. Tofauti ni kwamba yeye aliitafuta sauti iliyopotea, na huyu anaitafuta sauti ambayo haijapata kuwako.

Sasa tuje Dallas. Kifaa kinachopendwa kuliko vyote na wachokonoaji si kinanda. Ni mashine ya kufundishia watoto tahajia, iitwayo Speak & Spell, na ilizaliwa hapahapa katika maabara za Texas Instruments, kampuni ambamo Jack Kilby alionyesha saketi unganishi ya kwanza mwaka 1958, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwishoni mwa mwaka 1976 Richard Wiggins aliwaonyesha wenzake Paul Breedlove, Larry Brantingham na Gene Frantz jinsi jambo hilo lingewezekana, na mwaka 1978 mashine ikaingia madukani: boksi jekundu lenye mpini, linaloendeshwa na betri nne. Hutamka neno, mtoto akabonyeza herufi moja moja, kisha mashine ikampa hukumu, amepatia au amekosea.

Ustadi wake ulikuwa katika namna ya kusema. Mashine haikuhifadhi sauti kama kanda inavyohifadhi. Ilihifadhi maelezo mafupi ya koo la mtu: ukubwa wa sauti, kimo chake, na tarakimu kumi zinazoeleza umbo la njia ya hewa, zikibadilika mara 40 kwa sekunde. Chipu moja ilisoma maelezo hayo na kujenga upya koo la kubuni, likasema. Kwa wakati ule ilikuwa ajabu, na mwaka 2009 chama cha wahandisi cha IEEE kiliiweka mashine hiyo miongoni mwa alama kuu za historia ya uhandisi.

Mchokonoaji akiingiza waya kati ya kumbukumbu na chipu ya kusemea, tarakimu huvurugika. Koo la neno moja hupewa pumzi ya neno jingine. Mashine hujikwaa, hulia, hunong'ona, hurudia silabi bila mwisho. Ajabu ni kwamba hata ikiharibika namna gani, bado hulia kama kiumbe, maana kinachovurugwa ni koo. Kinanda cha Casio SK-1 cha miaka ya 1980, kipenzi kingine cha watu hawa, hakina sifa hiyo. Chenyewe hurekodi sauti kupitia maikrofoni yake na kuicheza kwenye vibonyezo 32 vidogo. Ukivuruga nyaya zake, unachovuruga ni umbo la wimbi lenyewe, na matokeo ni mkwaruzo. Mkwaruzo unaweza kupendeza, lakini haukutazami usoni.

Tunadhani hapo ndipo ilipo siri ya Speak & Spell, na msikilizaji Mswahili aliyehamia Texas huielewa upesi. Hii ni sauti iliyokuwa na mamlaka ya kusema lipi sahihi na lipi kosa. Ni nani kati yetu ambaye hajaombwa arudie jina lake mara tatu, kwenye simu au kwenye dirisha la ofisi, na mtu mwenye sauti kama hiyo? Mwalimu huyo wa plastiki anapopatwa na kigugumizi, kuna raha fulani ambayo hatutaikana. Lakini mhakiki lazima aulize: baada ya kicheko, kuna nini? Maonyesho mengi ya sanaa hii huishia kwenye kicheko. Sauti ya ajabu hutokea, watu hushangaa, swichi nyingine hubonyezwa, ajabu nyingine hutokea. Baada ya dakika kumi ajabu zote zimekuwa sawa. Mshangao usiorudi hauwi wimbo. Mchezaji asiyeweza kuirudia sauti yake kesho hana ala bado. Ana bahati tu, na bahati haifundishiki.

Texas yenyewe ina walimu wa kuvuka hapo. Denton, kaskazini ya Dallas na Fort Worth, Merrill Ellis alianzisha studio ya muziki wa elektroniki mwaka 1963 katika chuo ambacho leo ni University of North Texas, na kituo hicho kinaendelea hadi sasa. Houston ilimzaa Pauline Oliveros mwaka 1932. Huyu mama, aliyefariki mwaka 2016, alifanya kazi na vitoa mawimbi na mashine za kanda tangu miaka ya mwanzo ya 1960, akizisukuma zitoe sauti ambazo vitabu vya maelekezo havikuzitaja. Hata hivyo alichosisitiza maisha yake yote hakikuwa mashine. Kilikuwa kusikiliza: kukaa ndani ya sauti mpaka ikuonyeshe inakotaka kwenda. Kwa kipimo chake, mchokonoaji anayekimbilia swichi nyingine kabla ya sauti ya kwanza kuisha hajasikiliza.

Mwalimu wa pili wa Houston hakuwahi kuhesabiwa miongoni mwa wachokonoaji, nasi tunamwingiza kwa nguvu. DJ Screw, jina lake Robert Earl Davis Jr., alizipunguza kasi sahani za santuri mpaka mapigo 60 au 70 hivi kwa dakika, akazikatakata na kuzirudia, akazitoa kwenye kanda zilizouzwa kwa mkono. Husimuliwa kwamba jina la Screw lilitokana na skrubu aliyotumia kukwaruzia sahani asizozipenda. Alifariki Novemba 2000, akiwa na umri wa miaka 29, na mkusanyo wa sahani zake unahifadhiwa sasa katika maktaba ya University of Houston. Fikirini: mchokonoaji naye hupenda kubadili kikinza kinachoongoza mapigo ya saa ya ndani ya chipu, sauti ikashuka na kuzama. Tendo ni lilelile. Tofauti ni kwamba kwa Screw kupunguza kasi kulikuwa na mahali pa kukaa: gari linalotembea polepole, joto la Houston, mtaa wa upande wa kusini, marafiki wakighani majina ya waliotangulia. Alijua anapunguza kwa ajili ya nani.

Na sasa twende nyumbani. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, katika vitongoji vya Dar es Salaam, palikuwa na muziki uitwao mchiriku. Mizizi yake ni ngoma za pwani, hasa za Wazaramo. Mwili wake ulikuwa ngoma, vijiti vinavyopigwa juu ya kigoda, mwimbaji mwenye pumzi ya kukesha, na kinanda kidogo cha Casio, cha aina ambayo hapa Marekani mtoto hununuliwa siku ya kuzaliwa. Kinanda hicho kilipitishwa katika amplifaya kuukuu na spika za honi, zile za mikutano ya hadhara. Hakuna aliyekilehemu upya. Lakini sauti nyembamba ya kiwandani, ikilazimishwa kupita katika vyombo visivyoiweza, ilitoka imepasuka, kali, inayokata juu ya ngoma zote na kufika mtaa wa tatu. Saketi ya ndani haikuguswa, saketi ya nje ilichokonolewa yote.

Wala mpasuko huo si ajali tu ya umaskini, kama wageni wanavyopenda kuandika. Sikio la kwetu limezoea tangu kale kuitaka sauti yenye ukwaruzo. Ilimba ya Wagogo hutobolewa tundu, tundu likazibwa kwa utando wa buibui, ili kila noti iwe na mvumo juu yake. Fundi wa ilimba alikuwa na sauti safi mkononi, akaichafua kwa makusudi na kwa kipimo. Mpiga kinanda wa mchiriku ni mjukuu wake.

Sasa tazameni majina yalivyogawanywa. Kijana wa Texas akipasua sauti ya Casio huitwa msanii wa majaribio. Kijana wa Dar akiipasua Casio ileile, watu wazima walisema ni muziki wa wahuni, na redio zikaupa kisogo. Sifa ilikuja baadaye na kwa njia ya mbali. Konono Nº1 wa Kinshasa, waliokuza sauti ya likembe kwa sumaku na vipuri vya magari, walijulikana Ulaya baada ya albamu yao ya mwaka 2004 kutolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Kampuni hiyohiyo ilitoa albamu ya Jagwa Music, kundi la mchiriku la Dar, mwaka 2012. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa singeli, mtoto wa mchiriku anayekimbia kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Hatuwalaumu waliotoa albamu hizo, kwani walisikia tulipoziba masikio. Lawama tunaijua inakokaa. Wengi wetu tuliosomeshwa tuliondoka nyumbani tukiudharau muziki huo, na tumeusikia vizuri kwa mara ya kwanza tukiwa ughaibuni, kwenye kasha lenye maandishi ya kigeni.

Basi hukumu yetu ni ipi? Mchokonoaji wa Marekani amemzidi mpiga mchiriku kwa jambo moja: ameingia ndani. Amegundua kwamba katika kila chipu mna sauti nyingi kuliko zile alizoziruhusu mwenye kiwanda, na kwamba mnunuzi ana haki ya kuzitafuta. Hilo ni somo la uhuru, si la muziki peke yake. Mpiga mchiriku amemzidi mwenzake kwa jambo kubwa zaidi: amekipa kinanda kazi. Kinanda chake hakishangazi mtu. Kinaita, kinaitikia, kinambeba mwimbaji, kinawafikisha watu alfajiri. Usiku wa pili kitapiga vilevile, na kijana aliyesimama pembeni atakuwa ameanza kujifunza. Sauti mpya huwa ala siku inapopata watu wa kuitegemea.

Tunaona kwamba kazi bora itatoka pale mawili haya yatakapokutana, na hatuoni kwa nini isitoke kwa watoto wetu. Wako Fort Worth, Dallas na Houston vijana wa Kikongo, Kitanzania, Kirundi na Kikenya wanaopiga vinanda makanisani na arusini, na wengine wanasomea uhandisi. Vinanda vikuukuu huokotwa kwa dola chache pale Traders Village au kwenye maduka ya mitumba. Mtoto akikifungua kimoja juu ya meza ya kulia, wazazi tusipige kelele kwanza. Tuweke sharti moja lisilo na mjadala: betri tu, kamwe asiguse kifaa kilichochomekwa ukutani, maana umeme wa nyumbani hauna mzaha. Kisha tumwulize maswali ya mhakiki. Sauti hiyo unaweza kuirudia? Umeisikiliza mpaka mwisho? Na nani atacheza?

Akijibu swali la tatu, tumsogezee kigoda na vijiti viwili.