Sikio Lisilo na Haraka

Daktari huyu bingwa wa moyo haanzi na stethoskopu, anaanza na kiti. Anakivuta kutoka ukutani, anakiweka upande wa kulia wa kitanda, anakaa, kisha anaitikia shikamoo ya binti aliyelala pale. Nyuma yake wamesimama wanafunzi sita wa udaktari, madaktari tarajali wawili na daktari mmoja anayesomea ubingwa. Ni raundi ya asubuhi katika wodi ya moyo ya hospitali moja kubwa jijini Dar es Salaam. Mama huyu ameajiriwa kutibu, kufundisha na kufanya utafiti, na hapa kitandani ni vigumu kuona kazi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Faili la binti linasema ana miaka 23 na anachoka. Daktari hamuulizi kama anabanwa na pumzi.

"Mwanangu, maji nyumbani mnachota wapi?"

Kwa jirani, kwenye bomba.

"Ndoo unaifikisha nyumbani bila kuitua njiani?"

Binti anafikiri kidogo. Siku hizi anachota mdogo wake. Tangu lini? Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Na usiku analalia mito mingapi? Miwili, zamani ulitosha mmoja. Wanafunzi wanaandika. Ugonjwa wa moyo unaokuja polepole humzoesha mtu kupunguza shughuli bila mwenyewe kujijua. Ukimuuliza kuhusu pumzi atakujibu kuwa hana tatizo, na hasemi uongo, kwa sababu ameshaacha kila kitu kilichokuwa kinampa tatizo. Swali la ndoo linapita mlango wa nyuma.

Kisha mikono. Anatazama kucha, anaubonyeza mguu kuona kama kidole kinaacha shimo, anaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kifundo cha mkono na kuitazama saa ya ukutani kwa dakika nzima. Kwa sekunde kumi na tano angepata idadi ya mapigo, lakini mpangilio wake angeukosa. Anamwegemeza binti kwenye mito na kuchungulia mshipa wa shingo kutokea pembeni, pale mwanga wa dirisha unapoangukia. Anabandika kiganja juu ya kifua, chini ya titi la kushoto, na kukiacha hapo. Bado stethoskopu iko shingoni mwake.

Anapoitoa, jambo la kwanza ni kuomba feni izimwe. Joto la Dar es Salaam linashuka juu yetu papo hapo, na hakuna anayenung'unika. Kifaa hiki kilianza mwaka 1816 jijini Paris, pale daktari Laennec alipokunja karatasi kuwa bomba na kuliweka kifuani kwa mgonjwa. Cha leo kina nyuso mbili, upande wa utando unaokamata sauti nyembamba na upande wa kikombe unaokamata sauti nzito. Anasikiliza kwanza kwa utando, sehemu moja baada ya nyingine. Halafu anamgeuza binti alalie ubavu wa kushoto, anatafuta kwa kidole mahali ncha ya moyo inapogonga, na kukiweka kikombe hapo kwa wepesi wa ajabu, kiguse ngozi bila kuibonyeza. Ukikikandamiza, ngozi inavutika na kugeuka utando, na sauti nzito unayoitafuta inapotea. Nimeshuhudia stethoskopu nyingi zikigandamizwa juu ya blauzi kwa sekunde tatu. Sijui zilisikia nini.

"Toa pumzi yote. Ishikilie hapo hapo."

Anafumba macho. Mapigo sita, saba. "Vuta." Anarudia. Kisha anainuka kitini na kumpisha mwanafunzi wa kwanza, bila kusema amesikia nini.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kama mwalimu. Kila mwanafunzi anasikiliza kwa zamu, kila mmoja anaandika alichosikia kwenye karatasi yake na kuikunja, na ni marufuku kunong'onezana. Binti anaulizwa kila baada ya watu wawili kama amechoka, na anafunikwa kanga zamu inapobadilika. Karatasi zinafunguliwa mwishoni. Wanne wameandika "kawaida". Mmoja ameandika "kuna kitu baada ya pigo la pili, sijui ni nini". Daktari anaisoma hiyo kwa sauti. "Huyu ameandika vizuri kuliko wote," anasema. "Amesikia, na hakukipa jina asilokuwa nalo."

Ndipo anapowagongea kwa kidole kwenye chuma cha kitanda. Pigo la kwanza kali. Pigo la pili. Mara tu baada yake, mlio mfupi mkavu. Kisha anakoroma kooni, chini kabisa, na mkoromo unapanda kabla ya pigo linalofuata. Huo mkoromo ndio uliowapita wale wanne, na si ajabu, kwani ni kama ngoma ya harusi iliyo mtaa wa pili: mwenye shughuli zake haisikii. Mlio mkavu ni wa vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, inapojaribu kufunguka na kukwama. Mkoromo ni damu inayojipenyeza kwenye upenyo mdogo. Kadiri mlio ule unavyolikaribia pigo la pili, ndivyo vali ilivyobana zaidi. Wanarudi kusikiliza. Safari hii nyuso zinabadilika mmoja baada ya mwingine.

Kisa cha vali kama hii huwa kimeanza zamani, shuleni. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya bakteria wa streptokoka, anapona bila dawa, na baada ya wiki mbili tatu kinga ya mwili iliyowashambulia bakteria inaushambulia na moyo. Ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikijirudia, kingo za vali hushikana na kukakamaa. Rejista ya REMEDY, iliyoongozwa na marehemu Bongani Mayosi wa Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilikusanya wagonjwa 3,343 kutoka nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Umri wa kati ulikuwa miaka 28, na thuluthi mbili walikuwa wanawake. Binti wa kitanda cha dirishani angeingia kwenye rejista ile bila kushangaza mtu.

Kwenye kitanda cha nne yuko mzee mmoja mwenye ugonjwa huo huo wa vali, ambaye mapigo yake hayana mpangilio wowote. Anatumia wafarini ili damu isigande moyoni, na analazimika kupimwa damu kila mara. Mwanafunzi anauliza kwa nini asipewe dawa mpya isiyohitaji vipimo hivyo. Ni swali zuri, na madaktari wengi waliamini jibu wanalijua. Utafiti wa INVICTUS uliwafuatilia wagonjwa wa aina yake 4,531 katika nchi 24, nusu kwa dawa mpya ya rivaroksabani, nusu kwa dawa za kundi la wafarini. Majibu yalitoka mwaka 2022: waliokuwa kwenye dawa za zamani walikufa wachache zaidi. "Ndiyo maana baba bado tunamtoboa," daktari anasema, na kumgeukia mzee. "Samahani, baba." Mzee anajibu kwamba ameshazoea.

Siku tatu baadaye binti analetwa kathilabu, chumba cha kutibia moyo kwa mirija inayopitishwa kwenye mishipa. Kabla ya mwaka 2015, ilipoanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wagonjwa wengi wa moyo walisafirishwa India kwa matibabu kama haya. Vipimo vya eko, yaani picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, vimeshafanywa. Tundu la vali, ambalo kwa mtu mzima mwenye afya huwa na sentimita za mraba 4 hadi 6, kwake halifiki 1. Vali imepewa alama kwa mambo manne: inavyocheza, unene wake, chokaa iliyogandia, na hali ya nyuzi zinazoishikilia. Jumla ni 7 kati ya 16, na isiyozidi 8 inafaa kufunguliwa kwa puto. Eko nyingine, ya mpira wa kumeza, imehakikisha hakuna damu iliyoganda pembeni mwa chumba cha juu.

Daktari amevaa aproni nzito ya risasi. Binti yuko macho, amechomwa ganzi kwenye paja la kulia tu. Sindano, waya, katheta. Vinapanda kupitia mshipa wa vena hadi chumba cha juu cha kulia. Ili kufika kushoto inabidi kutoboa ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, mahali pembamba pasipozidi upana wa ukucha, kwa sindano ndefu ya sentimita 70 hivi. Ukikosea kidogo unaingia kwenye mshipa mkuu, au unatokea nje ya moyo. Anaishusha sindano milimita kwa milimita huku akitazama kioo. Ncha inaruka kidogo. Anaendelea. Inaruka tena, na hapo inatulia. Hatoboi. Anaomba picha ya ubavuni, anatazama, anaomba tena ya mbele. Anayesomea ubingwa ameshika pumzi. Kisha msukumo mdogo wa kidole gumba, na mstari wa shinikizo kwenye skrini unabadilika umbo.

Puto lenyewe lilibuniwa na mpasuaji Mjapani, Kanji Inoue, aliyelitangaza mwaka 1984. Ni mpira wenye wavu wa nyuzi ndani, unaovimba kwa hatua. Ukubwa hupatikana kwa hesabu ya kichwani: urefu wa mgonjwa kwa sentimita, gawa kwa kumi, ongeza kumi. Binti ana 158, kwa hiyo ni milimita 26. Lakini daktari anaanza na 24. Nusu ya mbele inavimba, inavutwa nyuma mpaka iinase vali, nusu ya nyuma inavimba, kiuno cha katikati kinabaki kimebanwa, kisha kinaachia. Sekunde chache tu, na puto limeshanywea. Eko inapita. Kingo zimeachana kidogo. Anajaza 25. Eko tena: upande mmoja umefunguka vizuri, na damu kidogo imeanza kurudi nyuma.

"Tuongeze moja, Profesa?"

"Hapana. Imetosha."

Hakufika 26. Tundu limekuwa karibu mara mbili ya lilivyokuwa, na shinikizo kwenye chumba cha juu limeshuka. Kwa macho yangu, kuiacha ile mililita ya mwisho ndani ya bomba la sindano ndiyo kazi bora kuliko zote nilizoziona siku ile.

Mchana anarudi ofisini kwenye madodoso ya utafiti. Hapa hapana cha kupendeza macho. Dodoso moja lina uzito wa kilo 16 kwa mtu mzima. Anateremka mwenyewe masijala kulitafuta faili, ni 61. Picha za eko za utafiti husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake bila kujua mwenzake ameandika nini, sawa na karatasi zile zilizokunjwa wodini. Ubaoni ameandika 102,200. Ndio watoto waliopimwa kwa eko kaskazini mwa Uganda katika utafiti wa GOAL, ili wapatikane 818 wenye dalili za mwanzo kabisa. Nusu walichomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na ugonjwa ukasonga mbele kwa asilimia 0.8 tu yao; kwa wasiochomwa, asilimia 8.2.

Binti aliruhusiwa na kadi ya sindano hiyo hiyo, kwa kuwa vali iliyofunguliwa inaweza kubana tena homa ikirudi. Sindano itaendelea kwa miaka mingi. Basi msomaji mwenye ndugu wa namna hii, itazame kadi yake leo, na tarehe iliyoandikwa pale isipite. Na mtoto akilalamika koo huku ana homa, mpeleke kituo cha afya mapema.