Picha Thelathini na Sita

Wapo washikaji wanaosema kurudi kwenye kamera ya mkanda ni ushamba, au ni mikogo ya watu wa mjini waliochoka na simu zao. Mikogo ipo, sikatai. Ukimwona kijana anapiga kikombe cha kahawa kwa Yashica halafu anakiita sanaa, cheka tu. Ila hoja yenyewe si ya kuchekwa, hasa hapa Maganzo.

Sisi tuko mlangoni pa Mwadui, kwenye almasi aliyoivumbua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Kila anayekuja na kamera anataka picha ileile: mbeshi, chekeche, mikono yenye udongo. Nimeziona nyingi kwenye simu za wenzangu. Mtu anapiga mia mbili mchana mmoja, anachagua mbili, na hizo mbili hazina mtu ndani yake. Zina umaskini tu. Mpigaji hakusimama hata mara moja akajiuliza, huyu ananionaje mimi? Kidole kilikuwa kinakimbia.

Mkanda una nafasi 36, basi. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, maana vifaa vilikuwa ghali. Zitazame: mkono umetafutiwa mahali, shingo imeinuliwa, mwenyewe amekubali kutazamwa. Na tusiende mbali. Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, aliunganisha picha kadhaa zikawa moja bila kompyuta yoyote. Nani atasema hao walikosa ubunifu kwa kukosa vifaa?

Halafu kuna jua. Saa saba mchana huku kwetu, shati jeupe kwenye simu linageuka doa tupu. Negativu inavumilia mwanga uliozidi, ndiyo maana hata kamera ya plastiki isiyo na mbwembwe hutoa picha inayosomeka.

Lakini lipo jambo ambalo watetezi wa mkanda hulikwepa. Mbeshi anaogopa picha, na ana sababu: anaingia mgodini bila ruhusa ya mtu. Ukimpiga kwa simu anaweza kudai aione, aamuru ifutwe palepale. Ya mkanda ataionaje? Mimi nasema usimpige mpaka mmeelewana, hata ikichukua siku tatu. Isitoshe, ya simu ikishaingia kundi moja la WhatsApp haina mwenyewe tena. Negativu ni moja, imo ndani ya boksi, na mwenye boksi anajulikana nyumbani kwake.

Bei, bwana! Tangu Kodak iombe kinga ya kufilisika Januari 2012, mkanda umezidi kuwa wa kutafuta kwa tochi, na kuusafisha sisi tunautuma mbali. Anayeshindwa achukue simu yake, ajiwekee picha 36 kwa mwezi, asifute hata moja. Akija kwangu aanze kunionyesha zile zilizoharibika.