Kekee ya Kwenda na Kurudi

Anayeingia duka la vyuma kutafuta kekee ya keke ya uta, akatoka na ile ya mashine iliyosokotwa mifereji, amenunua nusu ya chombo. Uta huenda na kurudi. Ukivutwa, msukano huzunguka kulia. Ukirudishwa, huzunguka kushoto, na kekee yapaswa kukata safari zote mbili. Ya mashine imenolewa kukata upande mmoja tu. Kule kwingine inasugua mti, inapata moto, na mifereji yake inarudisha unga tunduni badala ya kuutoa. Yote nitakayosema juu ya kuchagua kekee, iwe ya samani, ya jahazi au ya kiko cha tumbaku, yanatokana na jambo hilo moja.

Keke yenyewe ni vipande vinne: jivu linaloshikwa juu, msukano unaozunguka chini yake, uta wenye ugwe, na kekee. Jivu laweza kuwa kifuu tu chenye tone la mafuta ya nazi, ugwe ukawa kipande cha ngozi, na kazi ikaenda. Kasoro ya kekee haina kifidio.

Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, ni mtaa wa nyumba za mawe na milango ya nakshi. UNESCO iliutia mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na useremala wa mkono haujafa hapa. Kwa hivyo mwenye kutaka kujifunza ana bahati: kazi ya kulinganishia ipo. Asianze na kekee. Aanze na tundu. Akitazame kiti cha enzi cha zamani, vile virefu vya mti mweusi vilivyotiwa vipande vya mfupa au pembe, pale msuko wa uzi unapoingia kwenye fremu. Kuna safu ya vitundu vidogo, karibu sana na ukingo, vimepangana kwa nafasi sawa. Kitundu kimoja kikipasua ukingo, fremu nzima imeharibika. Apitishe ukucha mdomoni mwa tundu, kisha azunguke nyuma ambako kekee ilitokea. Mbele kila fundi hupendeza. Nyuma ndiko utakakojua kama kekee ilikuwa kali na mkono ulipunguza uzito mwishoni, au kama mti ulisukumwa mpaka ukabanduka.

Sasa kekee. Umbo linalofaa ni la jani la mkuki: bapa, ncha katikati, mabega mawili yanayoshuka sawasawa, na shingo nyembamba kuliko jani. Shingo ikiwa nene, inabana tunduni na ugwe unateleza kwenye msukano. Mabega ndiyo yenye kukata. Kila bega linatakiwa liwe na makali ya kutumika kwenda na kurudi, kwa hiyo halinolewi kama patasi, mteremko upande mmoja; linanolewa pande zote mbili. Iinue kekee mbele ya dirisha uitazame kwa jicho moja. Kama bega la kulia limezidi la kushoto hata kidogo, ncha haitakuwa katikati, na tundu litatoka pana kuliko kekee yenyewe. Muuzaji akikwambia ni hiyo hiyo tu, mwombe kipande cha mbao utoboe palepale, kisha irudishe kekee ndani kwa vidole. Ikicheza, iache.

Unga nao una habari. Mti mgumu ukikatwa vizuri hutoa chenga kavu zenye rangi ya mti wenyewe. Zikigeuka vumbi jeusi lenye harufu ya kuungua, makali yamekwisha, au umeikandamiza kekee mno. Msaji una kasoro yake: ndani yake mna chembechembe za silika, aina ya mchanga, na hizo hula makali upesi kuliko mbambakofi ambao mkononi unaonekana mgumu zaidi. Usiilaumu kekee kwa hilo. Inoe mara nyingi zaidi.

Kuhusu chuma, nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika kwa mng'aro. Zile kekee za rangi ya dhahabu madukani zina ngozi nyembamba tu juu. Ukizinoa mara ya kwanza, dhahabu imeondoka pale hasa inapohitajika. Tupa chakavu ni bora kwa anayetengeneza mwenyewe. Ina kaboni nyingi, na ukiigusisha kwenye jiwe la kunolea la umeme utaona cheche fupi zinazopasuka matawi, si mistari mirefu iliyo mitupu kama ya msumari wa kawaida. Kwa vitundu vidogo, msumari wa saruji unafaa. Ule umekwisha kutiwa ugumu kiwandani.

Tupa huwezi kuifua ilivyo, itavunjika. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe polepole ndani ya majivu, kisha ipashe tena na ifue jani na shingo na msuka wa kuingia kwenye msukano. Ikishapata umbo, pasha ncha tena mpaka sumaku isiishike, itie mafutani. Ukipitisha tupa nyingine juu yake sasa, itateleza bila kung'ata. Lakini kekee hiyo bado ni ya kukatika. Isugue ing'ae, halafu ipashe kutoka shingoni, mbali na ncha, ukitazama rangi zinavyotembea: manjano ya majani makavu kwanza, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Manjano iliyoiva au kahawia ikifika kwenye mabega, itie majini papo hapo. Shingo iachwe ifike buluu, kwa sababu shingo inahitaji kunepa. Kekee ya rangi moja toka juu hadi chini haikupitia haya. Na ukiona buluu nchani kabisa, fundi alichelewa, chuma kimelegea.

Kazi ikibadilika, kipimo hubadilika. Msumari wa jahazi huviringishiwa pamba yenye mafuta na kupigwa ndani ya tundu lililo jembamba kuliko wenyewe kidogo, ili maji yasipite na ubao usipasuke. Hapo kekee pana ni hasara. Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi ambacho visiwa vya Lamu viliacha kukiunda zamani, haukuwa na msumari hata mmoja, na mdomo wa tundu ukiwa na makali ungeikata kamba polepole.

Kwa kiko, anza na kile cha maji: bori la udongo juu, digali ikishuka ndani ya kifuu chenye maji, malio ikitoka ubavuni. Kifuu ni chembamba na kikavu. Kekee ya mashine hung'ata inapotokea upande wa pili na kukipasua. Jani la mkuki hukwangua tu, halivuti, kwa hiyo hapa la zamani linashinda waziwazi. Chagua lenye ncha butu kidogo, toboa tundu dogo, kisha lipanue mpaka digali iingie kwa kubana.

Kiko cha mti ni kazi nzito zaidi. Mti wake mashuhuri, Erica arborea, huota hata milima mirefu ya Afrika Mashariki, ingawa vifundo vya mizizi vya kuchongea viko hutoka nchi za Bahari ya Kati. Tundu la tumbaku huwa karibu milimita 19 au 20 kwa upana, na uta hauna nguvu ya kulikata kwa mkupuo mmoja. Pitisha kekee ndogo, ya kati, kisha ya mwisho iliyonolewa mviringo kama kitako cha yai, maana tundu lenye pembe chini huacha tumbaku isiyoungua. Njia ya moshi, milimita 4 hivi, itokee sakafuni kabisa. Ikitokea juu kidogo, unyevu utakaa chini na kiko kitalia kila kikivutwa. Kekee hiyo ya mwisho ndiyo usiyoweza kuinunua. Ichonge kwa kipimo cha karatasi, nusu ya yai iliyokunjwa katikati, ili bega la kulia lizaliwe na la kushoto.